Kasiki la Bibi na Sufuria ya Mvuke

Kila Iddi ya kuchinja ikikaribia, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Pumwani na Majengo hadi Eastleigh, Umoja na Kayole, huzuka swali moja ambalo si geni: nyama yote hii itawekwa wapi? Nyumba nyingi ni za chumba kimoja au viwili. Jokofu, kama lipo, ni dogo, na umeme una tabia zake. Nyama ya udhiya haingoji mtu. Ikichinjwa asubuhi, jioni imekwisha anza kumtazama mwenyewe kwa jicho baya.

Jawabu ninalolisikia sana siku hizi, hasa kwa kina mama wenye watoto na ndugu huko Ghuba au Marekani, ni hili: iagizwe sufuria ya presha ya kusindikia vyakula. Nyama ikatwe, ishindiliwe katika chupa za mdomo mpana, ipikwe kwa mvuke, kisha ipangwe rafuni kama dawa za dukani, ikae mwaka mzima bila jokofu wala tokeni ya umeme. Ni maneno matamu kuyasikia. Wala si uongo, kwa sababu sufuria hiyo ipo, na ikitumiwa inavyotakiwa huyatenda hayo yanayosemwa.

Maoni yangu, hata hivyo, ni kwamba wengi wetu tunachagua chombo kabla ya kuchagua chakula kitakachotiwa ndani yake, na kwamba kwa pupa hiyo tunaweza kuingiza nyumbani hatari ambayo kasiki la bibi halikuwa nayo. Hili si jambo la ladha wala la fahari ya jikoni. Ni jambo la mtu kulala mzima na kuamka hawezi kumeza mate yake.

Kwanza tutenganishe sufuria mbili zinazofanana jina. Ya kwanza ni ile tuijuayo sote, presha kuka ya lita tano au saba yenye kupiga mluzi, ambayo bila yake maharagwe ya Nairobi yangemaliza mtungi wa gesi. Hiyo ni ya kupikia. Ya pili ni kubwa, nene na nzito, ina chano cha chuma ndani cha kusimamishia chupa, na juu yake mna kipimo cha kuonyesha mvuke umefikia nguvu gani. Hiyo ndiyo ya kusindikia. Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo tangu mwaka 1917 imeshikilia ya kwamba nyama, samaki na mboga visindikwe nyumbani kwa presha na si kwa maji ya kuchemka tu, inasema kuwa sufuria isiyoweza kubeba chupa nne za ujazo wa karibu lita moja kila moja, zikiwa zimesimama, haihesabiwi kuwa ya kusindikia. Hapana ubaguzi hapo. Sufuria ndogo hupata moto upesi na hupoa upesi, na ule muda wa kupanda na kushuka kwa moto umo ndani ya hesabu ya kuua viini. Ukiupunguza huo, umepunguza dawa.

Zipo pia zile za umeme zenye vitufe, ambazo miaka ya karibuni zinapigiwa debe kuwa jiko safi lisilo na moshi. Kwa githeri na kwa mchuzi wa kongoro sizipingi hata kidogo. Lakini za kusindikia si hizo, hata kama kitufe kimojawapo kimeandikwa hivyo. Kitufe hakijui chupa yako ina nini katikati.

Sasa, ni kiini gani hicho kinachohitaji kupigwa vita kwa chuma kinene namna hii? Kinaitwa Clostridium botulinum. Makao yake ni udongoni, na kwa hiyo kinapatikana kwenye mboga, kwenye ngozi ya mnyama, hata kwenye vumbi la dirishani. Kina mbegu ngumu ambazo maji yanayochemka hayaziui hata kwa saa kadhaa. Mbegu hizo tunazila mara nyingi na mtu mzima hapati neno. Lakini zikifungiwa mahali pasipo na hewa, penye unyevu na joto la kawaida la nyumba, katika chakula kisicho na ukali wala chumvi ya kutosha, huamka, huzaana na kutoa sumu iliyo miongoni mwa zile kali kabisa zinazojulikana duniani. Sasa itazame ile chupa ya nyama iliyochemshwa katika sufuria ya kawaida na kufungwa barabara. Haina hewa. Ina unyevu. Haina ukali. Tumeviua viini vingine vyote vilivyokuwa vikikibana hiki kimoja, kisha tumekijengea nyumba na kukifungia mlango.

Nisemapo ukali, nakusudia ukali wa ndimu, siki na embe bichi, si wa pilipili. Pilipili huwasha ulimi wa mlaji, lakini viini haiviondoi. Wataalamu hupima ukali huo kwa namba, na mpaka wao ni 4.6: chakula chenye namba iliyo chini ya hapo kina ukali wa kutosha kukizuia kiini hicho kisiamke, na kilicho juu ya hapo hakina. Nyama, samaki, maharagwe, mahindi, tui la nazi, vyote viko juu.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba chakula huenda kisinuke wala kisibadilike rangi. Mgonjwa huanza, mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36, kuona kitu kimoja kama viwili. Kope humlegea, ulimi huwa mzito, kumeza humshinda, kisha udhaifu hushuka mabegani na mikononi mpaka kifua kishindwe kuvuta pumzi. Akili yake huwa timamu wakati wote huo. Kwetu sisi, mtu akifikia hali hiyo, nusu ya ukoo itasema ni kiharusi na nusu nyingine itatoka kumtafuta mwalimu aje amsomee. Asomewe, hapana ubaya, lakini asomewe ndani ya gari liendalo hospitali. Dawa ya kupinga sumu hiyo hufaa zaidi ikipatikana mapema, na mgonjwa huenda akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua.

Asije mtu akaniambia kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na mikebe yao. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa ya watu waliopatwa na sumu hiyo hapa Kenya baada ya kula kumbikumbi. Msomaji wa Pwani atasema: sisi kumbikumbi hatuli. Vyema. Na aisikie ya Uganda. Mwezi Oktoba mwaka 2008 wanafunzi watatu wa shule moja ya bweni nchini humo walilazwa hospitali, na mmoja wao akafa. Sumu ilikutwa katika miili yao, na ilikutwa pia katika kitoweleo kilichotengenezwa nyumbani kwa mafuta, ambacho wote watatu walikuwa wamekila. Watafiti waliochunguza kisa hicho waliandika kwamba vitoweleo vya namna hiyo vimeenea sana katika shule za Uganda.

Hapo ndipo jambo linapotugusa. Ni mama gani wa Majengo au wa Kibokoni ambaye hajamfungia mwanawe chupa ya kitoweleo cha kwenda nacho bwenini, ili ugali wa shule umpite kooni? Tumefanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na wala sikusudii kumtia mtu hofu ya bure. Nakusudia tujue ni kitu gani hasa kilichokuwa kikitulinda.

MLINZI NDANI YA CHUPA

Bibi zetu hawakuwa na kipimo cha mshale, lakini walikuwa na kanuni. Achari ya embe ilianza kwa embe mbichi, kali, iliyokatwa na kutiwa chumvi nyingi, ikaanikwa juani mpaka ikanywea, ndipo ikaingia siki, pilipili, bizari, haradali na thomu. Achari ya ndimu ilikuwa ni ndimu, chumvi na jua, ikakaa ndani ya kasiki mpaka ganda likawa laini. Papa na ng'onda walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa mpaka wakawa kama mbao. Papa huyo alisafiri majahazini na kuhimili joto la bandarini, na hakuna aliyemtilia barafu. Tende na halua zililindwa na sukari yake. Na nyirinyiri, ambayo wapenzi wake wa Eastleigh hawahitaji kuelezwa na mtu, ni nyama iliyokatwa nyembamba, ikaanikwa, kisha ikakaangwa vipande vidogo vidogo mpaka maji yote yakatoka, ndipo ikahifadhiwa katika samli au mafuta. Msafiri huibeba, na wako mahujaji walioibeba.

Utaona kwamba kila njia ilikuwa na mlinzi wake: ukali, chumvi, ukavu au sukari. Samli na mafuta hayakuwa mlinzi. Yalikuwa mlango tu, wa kuzuia unyevu na vumbi visiingie. Ukifunga mlango huku mwizi yumo ndani, umemfanyia hisani. Nyama mbichi mbichi, au thomu bichi lililosagwa likafunikwa mafuta na kuwekwa kabatini, ni kitu kingine kabisa, japo kwa macho kinafanana na kazi ya bibi. Huko Vancouver, Kanada, mwaka 1985, watu 36 waliokula katika mkahawa mmoja walipatwa na sumu hii, na chanzo chake kilikuwa thomu lililokatwakatwa na kutiwa katika mafuta, likakaa nje ya jokofu.

Nina wasiwasi kwamba sisi wa sasa tunamwondoa mlinzi bila ya kujua. Daktari amemwambia mama apunguze chumvi kwa ajili ya presha ya damu, naye anarudi nyumbani na kuipunguza ndani ya achari, huku akiongeza mafuta na thomu ili ladha isipotee. Heri ale achari kidogo yenye chumvi yake kamili, kuliko kula nyingi isiyo na mlinzi. Na kwa anayetengeneza ya kuuza, na wako wengi wanaojipatia riziki ya halali kwa njia hiyo katika mitaa yetu, jambo hili ni amana ya watu anayoibeba.

Hapo pana jibu la kwanza kuhusu sufuria. Kwa achari ya embe, ya ndimu au ya siki, huhitaji presha hata kidogo. Aliyekuambia uinunue kwa ajili ya achari amekutia hasarani. Embe zetu za Pwani hujaa sokoni kuanzia Novemba hadi Machi, na bahati njema Januari na Februari ndiyo miezi ya jua kali la Nairobi. Atakayeanika Julai juu ya dari ya ghorofa za Kayole, katikati ya nguo za majirani na lile wingu zito la baridi, atapata embe zenye ukungu na ugomvi juu yake.

NAIROBI SI MOMBASA

Kuna jambo lingine ambalo mzaliwa wa Pwani anapaswa kulifahamu kabla ya kufungua kijitabu cha maelezo kilichokuja na sufuria. Mama akihamia Nairobi kutoka Old Town, mwezi wa kwanza hulalamika kwamba maharagwe hayaivi, kunde hazilainiki, na mkono wake umeharibika. Mkono haujaharibika. Mombasa iko usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Yanatoa mapovu na mvuke vilevile, kwa hiyo jicho linadanganyika, lakini moto wake ni pungufu. Ndiyo sababu presha kuka ni pambo la jikoni tu huko Pwani kwa wengine, na Nairobi ni mkombozi.

Na upungufu huo huingia pia ndani ya sufuria ya kusindikia. Ukiweka nguvu ya mvuke ya pauni 10 kwa inchi mraba, Mombasa utapata nyuzi 116 hivi. Nairobi, kwa pauni hizo hizo 10, utapata nyuzi 112 tu. Nyuzi tatu au nne utaziona ni kitu kidogo, lakini wataalamu wanakadiria kuwa kila nyuzi 10 zikipungua, muda wa kuua mbegu za kiini hiki huongezeka mara 10. Maana yake, aliyefuata maelezo ya usawa wa bahari akiwa Umoja amepata karibu nusu ya kinga anayodhani anayo. Chupa yake imefunga vizuri, kifuniko kimeshuka kwa mlio ule wa kupendeza, na ndani yake hakuna hakika yoyote.

Kwa hiyo anayeichagua sufuria hii kwa matumizi ya Nairobi aanzie hapo. Vipimo viko vya aina mbili. Kipo chenye saa ya mshale, na kipo chenye uzani wa chuma unaochezacheza juu ya tundu la mvuke. Wa Nairobi mwenye mshale anatakiwa auone ukisimama kwenye pauni 13, na mwenye uzani atumie ule wa pauni 15. Mimi ningechagua uzani. Mshale unataka kupimwa kila mwaka kama bado unasema kweli, na kupimwa huko si kazi ya fundi wa redio. Uzani ni chuma tu. Hauzeeki, hausemi uongo, na mtu aliye chumba cha pili anausikia ukicheza. Sufuria yenye mshale peke yake, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, hata ikiwa ya bei ya kutupa, mimi singeigusa.

Katika zile zitokazo Marekani, majina mawili husikika zaidi, All American na Presto. Ya kwanza hufunga chuma kwa chuma bila ya mpira, na ni nzito kama deni. Ya pili ina mpira wa kuzuia mvuke, na mpira huo huchakaa na kutaka kubadilishwa. Kabla ya kufurahia wepesi wake, ulizia mpira wa pili utatoka wapi.

Kisha litazame jiko lako. Hapa nasema na mwenye kupikia meko, yaani ule mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichwa cha moto juu yake. Sufuria ya kusindikia ikiwa na chupa saba na maji yake huzidi kilo 15. Kuisimamisha juu ya meko, chumbani mnamopita watoto, ni kutafuta msiba kwa tochi. Jiko la makaa nalo lina ila yake: moto wake hupanda na kuzama, na sheria ya kazi hii ni kwamba mvuke ukishuka chini ya kipimo hata mara moja, muda unaanza kuhesabiwa upya tangu mwanzo. Na muda wenyewe si mchezo. Mvuke uachwe utoke dakika 10 kabla ya kuziba tundu, ili hewa yote iondoke. Baada ya hapo nyama ya vipande katika chupa za nusu lita hutaka dakika 75, na katika chupa za lita dakika 90. Samaki katika chupa za nusu lita ni dakika 100. Kisha sufuria iachwe ipoe yenyewe, bila kumwagiwa maji, bila kulegezwa mfuniko. Jumlisha gesi ya saa mbili na nusu kwa chupa saba, halafu uniambie kama ni nafuu kuliko jokofu dogo la kushirikiana na jirani.

Chupa nazo si zile za jemu na siagi ya karanga ulizokuwa ukiziweka chini ya kitanda. Zile hupasuka. Zinatakiwa chupa nene zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, za namna ile aliyoivumbua John Landis Mason wa Marekani mwaka 1858, na kifuniko bapa chenye utando wa mpira hutumika mara moja tu. Na tui la nazi, ambalo ndilo roho ya mapishi yetu, lisitiwe ndani. Mchuzi wa papa wa tui, kuku wa kupaka, maharagwe ya nazi, hivyo havina kipimo kilichothibitishwa cha kusindikiwa nyumbani, na uzito wake huzuia moto usifike katikati. Sindika maharagwe kwa maji na chumvi, kisha tui ulikune siku ya kupika, kama ilivyo ada.

Nimekutana na hoja kwamba viwanda vinafanya, basi kwa nini sisi tusifanye? Ni kweli, Kenya Meat Commission, iliyoanzishwa mwaka 1950 huko Athi River, imetia nyama ya ng'ombe mikebeni, na mananasi ya Thika yamefika Ulaya ndani ya mikebe. Lakini kiwandani yupo mtu ambaye kazi yake ni kupima moto wa katikati ya mkebe. Mfaransa Nicolas Appert, aliyeandika kitabu cha kuhifadhi vyakula katika chupa mwaka 1810 baada ya kupewa tuzo ya faranga 12,000 na serikali yake, alikuwa hajui kwamba viini vipo. Alifanikiwa kwa kujaribu miaka mingi. Mama wa Kariobangi hana miaka mingi ya kujaribia juu ya matumbo ya wanawe.

Je, nasema isinunuliwe kabisa? Hapana. Nasema isinunuliwe na kila nyumba. Kina mama wa mitaa hii wana vyama vyao vya kuchangiana, na vyama hivyo vimenunua mahema, viti na masufuria ya arusi. Sufuria moja kubwa yenye uzani wa pauni 15, ikakaa kwa mwanachama mmoja mwenye jiko imara la miguu lenye vichwa viwili na chumba kisichopitiwa na watoto, ikaendeshwa na mtu mmoja au wawili waliosoma maelezo neno kwa neno na wenye saa ukutani, hiyo naiona ina maana. Kila mtu alete nyama yake kwa zamu. Tarehe iandikwe juu ya chupa. Na siku ya kuifungua, hata ikiwa imenyooka namna gani, chakula kichemshwe tena kabla ya kuonjwa: usawa wa bahari ni dakika 10, na kwa Nairobi ni dakika 15 au 16, kwa sababu sumu yenyewe, tofauti na mbegu zake, huvunjwa na moto wa kuchemka. Chupa iliyovimba kifuniko au iliyorusha maji ilipofunguliwa haionjwi hata kwa ncha ya ulimi. Hapewi paka wala mwombaji.

Ama kwa nyama ya Iddi, ambayo ndiyo iliyoleta mazungumzo haya, wanavyuoni wametusimulia kwamba Mtume (S.A.W.) mwaka mmoja wa dhiki aliwakataza watu kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku tatu, kwa ajili ya masikini waliokuwa wamefika, na mwaka uliofuata akawaruhusu wale, watoe sadaka na waweke akiba. Kwa hiyo kuweka si haramu, wala simlaumu anayetaka kuweka. Lakini Majengo si mahali pa kukosa mtu wa kupewa. Sehemu ya kugawa ikigawiwa siku ile ile, ya jamaa ikapelekwa kwa jamaa, na iliyobaki ikakatwa nyembamba, ikaanikwa na kukaangwa nyirinyiri, ni kilo ngapi zitakazohitaji chupa? Nyumba nyingi nizijuazo zitakuta hazifiki kilo mbili.

Kwa chama kitakachoamua kununua, nina ombi dogo kwa jamaa zetu walioko ng'ambo. Msilete sufuria peke yake. Anayekuja na nafasi katika sanduku lake atie humo pakiti kadhaa za vifuniko, mpira wa akiba kama sufuria ni ya mpira, uzani wa pauni 15 kama haukuja nayo, na kile kijitabu chenye jedwali la muda na la miinuko. Kijitabu kifike mwezi mmoja kabla ya sufuria, kisomwe kwa sauti mkutanoni, na atakayeiendesha aulizwe maswali mbele ya wenzake: tuko mita ngapi, uzani gani, dakika ngapi kwa nyama na ngapi kwa samaki, na mvuke ukishuka unafanyaje. Akijibu yote, ndipo mchango wa sufuria uanze kupokewa.